Samaki wa Karai, Mombasa Hadi Malindi: Tulikula, Tukalipa kwa Simu, Tukakosea Namba

Saa kumi jioni pale Mji wa Kale, Mombasa, karai la kwanza huwekwa motoni. Ukishuka vichochoro vya kuelekea soko la samaki na Bandari ya Kale, utayasikia mafuta kabla hujayaona. Hapo ndipo tulipoanzia. Tulikuwa watatu, kila mmoja na simu yake, na tulikuwa tumejiwekea masharti: siku mbili kwenye barabara ya Malindi, tusikanyage hoteli ya vitambaa vyeupe, na tusibebe noti hata moja. Kila kipande cha samaki kilipiwe kwa simu.

Sababu yenyewe ni hii. Tumezoea kukuandikia hapa mambo ya kulipa kwa simu: mara till, mara kutuma, mara usimwambie mtu PIN yako. Mengi ya hayo tunayaandika tukiwa tumekaa ofisini, chini ya feni. Safari hii tulitaka kukaa karibu na karai, tumwone anayepokea pesa, si anayetuma peke yake. Na tuseme ukweli, tulitaka pia samaki.

Mama wa kwanza alitupokea kwa swali ambalo hatukulitarajia. "Wanangu, mwataka wa leo ama wa jana?"

Wa jana alikuwa wa bei ya chini. Tulimpenda papo hapo. Wachuuzi wengi wana samaki wa aina zote mbili, ila si wote wanaokwambia. Tulipomwomba atufundishe kuwatofautisha alicheka, akasema samaki mbichi ni rahisi: tazama jicho, liwe limetuna na linang'aa, inua shavu, matamvua yawe mekundu, bonyeza nyama, irudi. Aliyekwisha kukaangwa ndiye anayewadanganya watu. Huyo mvunje karibu na uti wa mgongo. Nyama ya samaki wa leo huachana na mfupa vipande vipande, mikubwa na imeshikana. Aliyelala hubomoka kama muhogo uliochemshwa ukapita kiasi.

Tukachukua changu wawili wa leo, na muhogo wa kukaanga, na ukwaju uliotiwa pilipili. Walikuwa watamu, lakini ngozi ilikuwa imekunywa mafuta. Foleni ya watu wa kabla ya magharibi ilikuwa ndefu, naye akawa anatia samaki wengi kwa pamoja, mafuta yakapoa. Samaki akiingia kwenye mafuta yaliyopoa haivi nje haraka, hivyo mafuta yanaingia ndani yake. Tukalipa kwa till iliyobandikwa ukutani, jina la biashara likatokea, tukamsomea, akaitikia kwa kichwa, simu yake ikalia. Dakika moja, kazi imekwisha. Tukadhani safari nzima itakuwa hivyo.

Tulisafiri wakati wa kusi, na hilo lina maana kubwa kwa hadithi hii. Upepo wa kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na bahari huchafuka. Mitumbwi midogo haiwezi kwenda mbali, siku nyingine haitoki kabisa. Samaki wanapungua, bei inapanda. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari inatulia na samaki wanajaa. Kwa hiyo ukimsikia mtu akilalamika kwamba tasi wa mwezi wa saba ni ghali kuliko wa mwezi wa kwanza, jua mchuuzi hajakuibia.

Mtwapa hatutakaa sana. Tulikula kando ya barabara samaki aliyekaangwa asubuhi akawekwa kwenye kabati la kioo mpaka saa sita. Mafuta yalikuwa meusi kama ya gari. Jambo la kukumbuka pale ni kwamba tulipoweka namba ya till, jina lililotokea lilikuwa la duka la vipuri. Tukasita. Kijana akaeleza kwamba till ni ya mjomba wake wa duka la jirani, na jioni wanahesabiana. Mjomba mwenyewe akatupungia mkono kutoka dukani. Tukalipa. Lakini kusita kwetu kulikuwa sawa: jina likiwa geni, uliza kwanza. Muuzaji wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Kutoka hapo barabara inapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, na muda si mrefu kabla ya Kilifi kuna njia inayokata kulia kwenda Takaungu. Ni mji mdogo wa zamani kwenye mkono mwembamba wa bahari, mji ambao Wamazrui waliukimbilia baada ya kuipoteza Mombasa katika karne ya 19. Siku hizi watu wengi wanaoelekea Malindi hawapindi hapo. Hasara ni yao.

Tulifika maji yakianza kujaa. Mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja mmoja, na pale pwani wanawake walikuwa wameshakaa na ndoo zao. Hawa ndio wanaoitwa mama karanga. Msomaji wetu wa bara, usidhani wanauza njugu: kukaranga ndiko kukaanga, na kazi yao ni kununua samaki wadogo pwani, kuwakaanga na kuwauza. Samaki wakubwa, akina nguru na kolekole, hawafiki mikononi mwao. Hao huchukuliwa na tajiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa nyavu au mashine ya boti, na wanapelekwa hotelini au Mombasa. Mama karanga anabaki na tasi, pono, changu wadogo, na simusimu wakipatikana.

Mama tuliyemfuata hadi jikoni kwake ameifanya kazi hiyo tangu hajaolewa, na sasa ana wajukuu. Tulimwamkia, shikamoo, marahaba, akatupa kibao cha mbuzi tukae, akaendelea na kazi.

Siku hiyo alikuwa na tasi. Tasi ni samaki wa kula majani ya baharini, na ndiyo maana hangojei: matumbo yake yasipotolewa mapema, uchungu unaingia kwenye nyama. Tena miiba yake ina sumu. Haiui, lakini ikikuchoma utalia usiku kucha. Mama aliikata kwa mkasi bila hata kuangalia. Akawapasua, akawaosha kwa maji ya chumvi, akapiga chale tatu kila ubavu ili chumvi ifike ndani na joto lifike kwenye mfupa. Ndimu, chumvi, manjano kidogo, kitunguu thomu kilichotwangwa. Basi. Hakuna unga, hakuna rangi ya dukani.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukuliona popote pengine katika safari yote. Aliwatandaza kwenye wavu, kwenye upepo, kwa karibu nusu saa. "Maji na mafuta hayapatani," alisema. Samaki mbichi mwenye maji hurusha mafuta, hushika karai na kuchunika ngozi. Aliyekauka juu hushika rangi mara moja na kubaki na maji yake ndani. Kujua kama mafuta yamepata moto, alichovya ncha ya mwiko wa mti. Vipovu vikaupanda kwa haraka. Akawatia wanne tu, ingawa karai lingebeba kumi.

Tuseme mapema, ili usisome mpaka mwisho ukitafuta mshindi: huyu ndiye aliyekuwa bora. Ngozi ilivunjika kama biskuti, nyama ndani nyeupe na ya maji maji, na mapezi madogo tuliyatafuna yote. Tulikula kwa sima na kachumbari mpaka mmoja wetu akafungua mshipi.

Na hapo ndipo tulipokosea.

Hesabu ilikuja shilingi 1,240. Namba ya simu ya mama ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Mwenzetu, vidole vimejaa mafuta, akaandika namba, akaona jina limetokea, akabonyeza PIN. Meseji ikaingia kwake. "Tayari, mamangu, imeshaenda!"

Mama akatazama simu yake. Kimya. Tukangoja. Tukamwonyesha meseji yetu, hii hapa, tazama, 1,240, saa hii hii. Uso wake ukabadilika.

"Hivyo hivyo ndivyo walivyonionyesha," alisema.

Ikabidi tukae tena kwenye mbuzi tusikilize. Mara ya kwanza, alisema, alikuja mtu mwenye gari akachukua samaki wa shughuli, ndoo nzima. Akamwonyesha meseji kwenye simu yake mwenyewe, jina la mama limeandikwa, kiasi kimeandikwa. Mama hakuwa na miwani pale. Aliamini. Pesa haikuwahi kuingia kwa sababu haikuwahi kutumwa: yule mtu alikuwa amejiandikia meseji tu. Mara ya pili pesa iliingia kweli, mama akaisoma, akatoa samaki, na mteja kabla hajafika barabara kuu akaomba arudishiwe, ati amekosea namba. Pesa ikazuiliwa. Ilimchukua mama siku nzima ya simu na maelezo mpaka ikaachiliwa.

Siku nzima ni nyingi kwa kazi hii. Asubuhi yeye huchukua samaki kwa mvuvi kwa ahadi, na alasiri, akishauza, humlipa. Asipolipa leo, kesho mvuvi anampa mwingine. Wakati wa kaskazi anaweza kusamehewa, samaki ni wengi. Wakati wa kusi hakuna wa kumngojea. Ile ndoo ya shughuli ilimweka nje ya biashara wiki mbili, akawa anauza viazi karai mpaka akapata mtaji.

Sasa tulikuwa sisi, watu wa kampuni ya malipo, tumeshiba samaki wake, tunamwonyesha meseji.

Tukaisoma meseji yetu vizuri, kwa mara ya kwanza. Jina halikuwa lake. Tarakimu moja kwenye lile boksi ilikuwa imepakwa mafuta, 1 ikaonekana 7. Jina la mtu tusiyemjua lilitokea kwenye skrini kabla ya PIN, likatusubiri, na hatukulisoma. Sisi, tunaokuandikia kila siku usome jina.

Tulimlipa mama upya, safari hii kwa laini ya mwenzetu mwingine, tukamsomea jina kwa sauti, akasema "ndimi", tukabonyeza, tukangoja mpaka simu yake ya kabambe ikalia na mjukuu akamsomea. Tukamwongezea na ya kutoa, kwa sababu mvuvi wake anataka noti, na akitoa kwa wakala makato yanamla yeye. Kisha tukashughulikia kosa letu. Tuliomba kurudishiwa palepale, kwa kutumia ileile meseji ya muamala, bila kwanza kuanza kubembelezana na mwenye namba. Saa za mwanzo ndizo muhimu. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, inaweza kuzuiliwa mpaka jambo liangaliwe. Ikishatolewa kwa wakala, kilichobaki ni uungwana wa mtu. Yetu ilirudi siku ya tatu. Tulikuwa na bahati, na hatutaki ujenge tabia juu ya bahati yetu.

Na tafadhali, kuomba kurudishiwa ni kwa aliyekosea kweli. Aliyekula akashiba kisha akaomba pesa irudi ni mwizi wa samaki, hata kama mikono yake ni safi.

Mama ana kanuni yake sasa, na ni nzuri kuliko tulizowahi kuandika: "Meseji yangu, si yako." Mteja aonyeshe anachotaka kuonyesha, mama hatoi samaki mpaka simu yake ilie, na ikilia anaangalia kwanza imetoka wapi, maana kuna meseji za uongo zinazotumwa kutoka namba ya mtu wa kawaida. Akiwa na shaka anaangalia salio. Ukiwa mteja na muuzaji akakufanyia hivyo, usinune. Kaa hapo umalizie kachumbari yako.

Tulimshauri achukue till. Tukamweleza kwamba jina la biashara lingetokea, mteja hakatwi kitu, pesa ya samaki haitachanganyika na ya karo ya wajukuu. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akauliza: mvuvi yuko pwani saa tano asubuhi, wakala yuko barabarani, na boti ya kesho inataka mafuta leo. Pesa ikae kwenye till, mimi nimpe nini? Tukasema anaweza kuihamisha. Akasema anajua, binti yake alimwonyesha, lakini mvuvi mwenyewe hana simu inayokaa na chaji. Hatukuwa na jibu zuri. Alichofanya mwenyewe ni kutenga laini mbili: ya kabambe ni ya samaki tu, ya pili ni ya nyumbani. Jioni anajua siku imempa nini bila kupiga hesabu ndefu. Kabla hatujaondoka tuliliandika upya lile boksi kwa herufi kubwa, namba na chini yake jina lake kama lilivyo kwenye laini, tukalifunga kwenye mfuko wa nailoni ili mafuta yasilifikie. Ndilo jambo la maana pekee tuliloacha Takaungu.

Kilifi tulivuka daraja tukiwa bado tumeshiba. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991 watu walivuka kwa feri, na wazee bado wanaeleza foleni zake. Tulionja pono mmoja upande wa pili, hakuwa mbaya, chumvi ilizidi. Twende mbele.

Watamu ni habari nyingine kwa sababu ya hifadhi. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya, na ndani ya eneo lililokatazwa huvui kabisa. Mchuuzi mmoja wa karibu na mkono wa bahari wa Mida alituambia anaonunua kwao huvulia nje ya mipaka, kwa malema na mishipi. Samaki wake walikuwa wadogo na wachache, lakini mafuta yalikuwa safi, na aliwakaanga mbele yetu. Hapo tulilipa kwa kuuliza namba, kuandika, kusoma jina kwa sauti kama watoto wa shule. Mchuuzi akacheka, "Mmeshaibiwa nyinyi." Tukamwambia hapana, sisi ndio nusura tuibe.

Malindi tuliingia magharibi, upepo mkali, umeme umekatika mtaa mzima. Upande wa gati, mama mmoja alikuwa anakaanga vipande vya nguru kwa mwanga wa tochi ya simu. Nguru ni samaki wa nyama kavu, ukimkaanga sana anakuwa kama ubao, lakini huyu mama alikuwa anamtoa mapema na kumwacha amalizie kuiva kwa joto lake mwenyewe, juu ya karatasi. Kama si tasi wa Takaungu, angechukua nafasi ya kwanza.

Tukala vipande vinne, shilingi 600. Tukatoa simu. Mtandao ulikuwa umelala. Skrini ikazunguka, ikazunguka, ikaganda. Mmoja wetu akataka kujaribu tena.

"Wacha," mama alisema. "Ukibonyeza mara mbili zitaingia mbili, halafu uniite mwizi."

Yuko sawa. Muamala ukiganda, hujui kama umepita au la. Angalia salio kwanza, au ngoja meseji, ndipo uamue. Lakini salio lenyewe halikufunguka. Noti hatukuwa nazo, kwa masharti yetu ya kijinga. Mama akachomoa daftari chini ya meza, akaandika majina yetu, 600, na namba moja ya simu. Hakutuomba kitambulisho. Tulipouliza kwa nini anatuamini, alisema samaki hawezi kurudi baharini, basi afanyeje.

Saa moja asubuhi mtandao ulirudi. Tukaangalia salio: ile ya jana haikupita. Tukaandika namba, tukasoma jina mara mbili, tukatuma. Dakika tano baadaye akatupigia simu.

"Imeingia. Nimewakata kwenye daftari. Mkija kaskazi niambieni mapema, niwawekee kichwa."